Kengele Tatu za Kumuaga Apolinary

Ijumaa, 18 Novemba 2005

Wiki ya sita Apolinary hajaonekana. Kengele yake imelala sandukuni, imefunikwa kitambaa chekundu, na hakuna anayeruhusiwa kuigusa. Dhuluma tupu!

Niandike kwa mpangilio, maana siku moja watu watataka kujua ukweli. Kanisa letu hapa Ruwi halina mnara. Tunapiga kengele za mkono, ndani ya ukumbi, madirisha yamefungwa, AC inanguruma. Tuko kumi na mmoja, wengi Wakenya, Watanzania wachache, na kila mtu ana sauti yake moja tu. Usipokuja, sauti yako haisikiki, wimbo unakwenda na pengo. Kengele kubwa kuliko zote ni ya Apolinary, mpishi, mtu wa Bukoba. Mimi nina ya kati. Miaka minne ya kati! Na kwenye ibada ya Krismasi, tarehe 23 Desemba, kengele kubwa ndiyo hupiga ya mwisho, peke yake, kanisa zima kimya. Nimejiona hapo mara nyingi sana.

Tuna mila. Anayeondoka Oman moja kwa moja hupiga kengele yake mara tatu, huvua glavu, halafu tunapanga mstari na kumpa mkono. Hapo ndipo kengele inapata mwenyewe mpya. Apolinary hakuaga. Wenzake wa chumbani wanasema alibeba begi alfajiri moja, akapanda gari, basi. Mama Jerusha, kiongozi wetu, nesi, mwanamke asiyecheka siku za kazi, kasema kengele isiyoagwa bado ina mwenyewe. Nikamuuliza hata kama mwenyewe yuko Bukoba anakula senene? Akajibu hata kama yuko kaburini.

Wesley kanunua glavu mpya. Karani wa benki, anajipaka manukato mpaka macho yanawasha. Anaitaka ile kengele. Namjua.

Jumapili, 20 Novemba

Wazo limenijia nikiwa juu ya paa la ofisi moja Al Khuwair, nikisafisha AC. Mawazo yangu mazuri yote huja juu ya paa.

Apolinary amenipigia simu! Yaani hakunipigia, lakini angeweza. Yuko Bukoba, mama yake mgonjwa, na ameniomba nimpigie zile kengele tatu kwa niaba yake. Ameongeza kwamba angefurahi sana kengele ikibaki kwangu. Si uongo mtupu. Mwaka 2003 alinipigia kweli, akiuliza bei ya friji kuukuu.

Tena mimi ndiye mwandishi wa Habari za Kengele, karatasi yetu ya kila mwezi: nani kajifungua, mandari ya Qurum ni lini, nani kaaga. Nimeshaandika kwamba ndugu Apolinary ameagwa rasmi. Nimetoa nakala ishirini kwa mashine ya ofisi, bosi hajui. Habari ikishaandikwa, tukio hulazimika kufuata.

Ijumaa, 25 Novemba

Imekubali! Kengele ni yangu!

Mama Jerusha aliniangalia muda mrefu. Akauliza kama Apolinary alisema hayo kwa kinywa chake. Nikasema kwa kinywa chake, na kikohozi juu. Akasema sawa, ila nijue jambo moja: mkono unaopiga ndio unaoaga. Wazee wana maneno mengi. Nikavaa glavu.

Moja. Mbili. Tatu.

Niliishika kifuani kuizima, kama tunavyofanya siku zote. Ya tatu haikuzimika. Watu walikunja vitambaa, wakafunga masanduku, mtu mmoja akazima taa za nyuma, na sauti bado ilikuwa ukumbini, chini chini, kwenye meno. Wesley aliingiza kidole sikioni akakitikisa.

Halafu jambo la ajabu kidogo. Walipanga mstari, wakanipa mkono mimi. Kila mmoja. Nilitaka kuwakumbusha kwamba anayeondoka ni Apolinary, lakini mikono yao ilikuwa baridi na hakuna aliyeniangalia usoni. Nikadhani wanaona wivu. Mwenye wivu ajinyonge.

Wesley kapewa kengele yangu ya kati. Haya, afurahi.

Jumamosi, 26 Novemba

Ghanim kaniita ofisini. Ndiye mandub wa kampuni, kijana wa Kiomani anayeshughulikia viza zetu. Alitaka pasipoti yangu na picha mbili. Nikauliza za nini. Akasema za kufuta viza. Viza ya nani? Akacheka, akanionyesha fomu. Imejazwa yote: kampuni, kazi, sababu, siku ya kuondoka, Jumamosi tarehe 24 Desemba. Mahali pa jina peupe.

Nikamuuliza nani kamwambia ni mimi. Akaniangalia kama nimelewa. Kasema nilimpigia simu mwenyewe, jana alasiri, nikamuaga vizuri sana mpaka akasikitika.

Jana alasiri nilikuwa Ruwi nakula samaki wa kukaanga. Nimempa pasipoti kwa kuwa alikuwa ameshanyoosha mkono. Huyu ni Wesley, ameigiza sauti yangu!

Jumatatu, 28 Novemba

Si Wesley.

Bi Mahfoudha, mwenye nyumba wangu hapa Matrah, kaniuliza mpangaji mpya aje lini kuona chumba. Mama mzee, kazaliwa Unguja, hakosi swala wala habari ya mtaa. Nikamwambia Bibi, mimi sihami. Akaweka kikombe chini.

“Wewe si ushaniaga, mwanangu? Ijumaa baada ya laasiri ulisimama hapa hapa mlangoni, nnakumbuka vizuri. Ukanipa mkono, nkakwambia fi amanillah.”

Nikamuuliza nilikuwa nimevaa nini. Akasema shati hili hili, na glavu nyeupe. Kashangaa kidogo glavu na joto lote hili, lakini kaona haya kuuliza.

Nimekaa kitandani. Glavu zangu ziko kanisani, kwenye droo, na ufunguo anao Mama Jerusha.

Jumatano, 30 Novemba

Kila ninapoingia nimeshaaga. Kinyozi kashtuka kuniona, anasema Jumamosi tulikumbatiana. Muuza duka wa Kihindi ananiangalia na kuangalia mlango, kama anasubiri mwingine aingie. Dereva wa teksi wa pale sokoni kanitakia safari njema.

Mtu mwingine angekata tamaa. Mimi nimepata dawa. Kama watu wanaamini nimeondoka, basi nitarudi! Nimepita kote jioni nikiwaambia nimewasili leo. Wamefurahi kweli! Bi Mahfoudha kamshukuru Mungu mara tatu.

Tatizo, wote wameuliza zawadi. Sikuwa nimelipigia hesabu hilo. Nimenunua majani ya chai duka la Ruwi, nikabandua karatasi, nikawagawia kama chai ya Kericho. Kinyozi kanusa akasema yananuka Ceylon. Watu hawana shukrani.

Ijumaa, 2 Desemba

Mazoezi. Sitaki kuandika, lakini nitaandika.

Mama Jerusha aliita majina. Kumi na mmoja tulikuwa, kumi tumebaki bila Apolinary. Aliita tisa akafunga daftari. Nikamwambia umeniruka. Akainua kichwa polepole, akatafuta upande wangu, akanipata. Akasema, “Ah, Cornelius. Bado upo?” Hakuwa anatania. Afadhali angetania.

Kengele kubwa haikulia mkononi mwangu. Niliipiga, nikaona ulimi wake unagonga, nikasikia kimya. Nikapiga tena. Kimya. Tulipofika mahali pa kupumzika, mapigo manne, hapo ndipo ilipolia, nimeishika imetulia kifuani. Nilihisi mtetemo mbavuni. Hakuna aliyegeuka.

Chai ililetwa, vikombe tisa. Nilisimama karibu na birika mpaka ikaisha.

Nikasema nitoe hasira kwa kusoma karatasi yangu ya habari, ile niliyoichapa mwenyewe, iko ukutani. Maneno ni yangu, makosa ya koma ni yangu. Ila jina. Inasema ndugu Cornelius ameagwa rasmi. Nimezikusanya nakala zote ishirini kutoka kwa watu. Zote zinasema hivyo.

Jumanne, 6 Desemba

Teksi hazinisimamii. Si kwamba zimejaa. Madereva hawanioni, na mmoja kanipaka vumbi la magurudumu.

Kule Qurum kuna duka kubwa la mlango unaofunguka wenyewe. Nilisimama mbele yake kama dakika tano. Haukufunguka. Alipokuja mama mmoja na toroli lake ukafunguka, nikaingia nyuma yake kama mwizi. Nilinunua sabuni. Mwenye kaunta alichukua pesa, akamrudishia chenji mtu aliyekuwa nyuma yangu.

Nikapiga simu nyumbani Kapsabet. Dada yangu akapokea, akafurahi, akasema wameshapaka chumba rangi. Nikauliza chumba cha nani. Akasema changu, si nilisema nafika kabla ya Krismasi? Nina mkataba wa miaka miwili mbele, nina karo za watoto wake watatu ninazolipa mimi. Nikirudi sasa wale watoto watakaa nyumbani. Nilikata simu nikakaa nayo mkononi.

Naogopa. Basi, nimeandika.

Ijumaa, 9 Desemba

Apolinary kaja!

Kaingia ukumbini na begi lake, mzima, kanenepa hata. Hakwenda Bukoba. Kampuni yake ilimpeleka alfajiri ile ile kupikia kambi moja huko jangwani, mbele ya Haima, simu hazishiki. Mama yake ni mzima, anauza ndizi.

Wote wakanigeukia. Kwa mara ya kwanza baada ya wiki mbili watu kumi walinitazama pamoja, na nilifurahi kwa sekunde moja hivi. Nikasema laini ya simu ilikuwa mbaya. Nikasema yawezekana ni Apolinary mwingine, Bukoba wako wengi.

Apolinary hakukasirika. Hilo ndilo lililonitisha. Kasema mbona tulionana Haima jana, pale basi linaposimama watu wanywe chai? Nilikuwa nimekaa benchi la nje, mabegi mawili, glavu nyeupe. Aliniita, nikamwambia nenda kachukue kengele yako, yule hataiweza. Alitaka kuuliza yule nani, basi likapiga honi.

Kaichukua sandukuni, kaipiga mara moja. Ililia mpaka vioo vikatikisika.

Mama Jerusha kaniita pembeni. Kasema uongo wangu ameujua tangu siku ile, alisubiri nichoke nao. Nimeaga kwa mkono wangu, na hawezi kuita jina la mtu aliyeaga. Njia ni moja: Ijumaa ijayo nisimame nitamke mbele ya wote nilichofanya, halafu wanipokee kama mgeni. Nikauliza kama naweza kuleta kwa maandishi. Hapana.

Ijumaa, 16 Desemba

Nilikuwa nimeandaa ungamo la aya tatu, mbili zikimhusu Wesley. Nilisimama. Nilipofungua kinywa sikuisikia sauti yangu. Midomo inakwenda, na watu wanaangalia saa zao, wanaangalia dirisha. Wesley alipiga miayo kunielekea usoni.

Nikatupa karatasi. Nikasema, “Hakunipigia. Niliitaka kengele yake tu.”

Hilo lilisikika. Hata mlinzi wa getini alichungulia. Nikalia, mtu mzima, kamasi na yote. Mama Jerusha kaandika jina langu mwisho wa daftari. Wakaja mmoja mmoja kunipa mkono na kusema karibu, na mikono ilikuwa na joto. Apolinary kanikumbatia, ananuka vitunguu. Vikombe vya chai vilitosha.

Nimemwahidi Mungu mambo mengi nikiwa ndani ya teksi. Teksi ya kwanza ilisimama!

Jumamosi, 17 Desemba

Ghanim kanirudishia pasipoti. Kasema ile fomu haioni, labda imeanguka nyuma ya kabati. Bi Mahfoudha kaniuliza kodi. Sijawahi kufurahi hivyo kuulizwa kodi.

Jumapili, 18 Desemba

Nimefikiri vizuri, juu ya paa.

Mgeni, kwa mila yetu, hupewa kengele ndogo kuliko zote na hupika chai miezi mitatu. Kengele yangu sasa ni ya ukubwa wa kikombe cha kahawa. Inasema ting. Katika wimbo mzima wa Krismasi nina ting mbili! Na Wesley, ambaye hakuungama chochote, bado ana kengele yangu ya kati. Nimemwomba anirudishie, kiungwana kabisa. Kasema ameizoea. Kaniuliza chai itakuwa tayari saa ngapi.

Sasa, mimi ndiye ninayenakili nota kwa ajili ya wote. Mama Jerusha anafanya zamu za usiku, hana muda wa kukagua kila mstari. Wimbo una beti tatu. Nimeongeza kitu kidogo mwishoni mwa kila ubeti: kengele ya kati, peke yake, pigo moja refu. Ubeti wa kwanza moja, wa pili moja, wa tatu moja.

Si uongo. Sijasema neno. Ni muziki tu. Na mkono utakuwa wake.

Jumatano, 21 Desemba

Mazoezi ya mwisho, tumepiga beti mbili tu kwa kukosa muda. Mungu yu upande wangu! Mama Jerusha kasema yale mapigo ya kengele ya kati ni mazuri, hakukumbuka kama yalikuwemo. Wesley kavimba kichwa. Nilimwongezea sukari kwenye chai. Namwonea huruma kidogo, lakini ana akiba benki, na Kenya ni kwao.

Ijumaa, 23 Desemba

Kanisa lilijaa mpaka ua. Nilikuwa nimesimama mwisho wa meza na kengele yangu ya kikombe.

Dakika kumi kabla ya kuanza, simu. Wesley anaumwa tumbo, hawezi hata kusimama. Nilikasirika sana, mpango wote umeharibika! Hapo Mama Jerusha akaja upesi na glavu mkononi. Kasema wewe ndiye uliyenakili, wewe unaijua, na ilikuwa yako. Shika ya kati.

Kengele yangu! Niliivuta kifuani kama mtoto. Niandike ukweli, sijawahi kupiga hivyo. Ubeti wa kwanza ukaisha, wote wakanyamaza, nikapiga peke yangu. Watu mia mbili wakaniangalia. Ubeti wa pili, nikapiga, mama mmoja safu ya mbele akajifuta machozi. Nikasema moyoni hii ndiyo sauti niliyozaliwa nayo. Wa tatu nilipiga kwa nguvu zangu zote, nikainua mkono juu ili ukumbi wote uone.

Apolinary akamalizia na kengele kubwa. Ikalia, ikafifia, ikaisha. Chini yake yangu bado ilikuwa inaendelea. Niliiminya kifuani. Niliweka kiganja juu ya mdomo wake. Nikasikia kwenye meno.

Mama Jerusha alikuwa ananitazama, mkono mdomoni. Halafu wakaanza kupanga mstari. Wa kwanza alikuwa Apolinary, kanyoosha mkono, macho yake yanaangalia ukuta nyuma yangu.

Jumamosi, 24 Desemba

Nilitoka asubuhi na mapema kuwaambia watu nimerudi, kabla yule mwingine hajapita. Kapita. Kinyozi kafunga duka kwa huzuni. Bi Mahfoudha nilimkuta anapangusa macho, hakuniona nilipopanda ngazi. Kwa mlango wa jikoni nilimsikia akimwambia jirani kwamba kampa yule Mkenya mkebe mkubwa wa halua, maskini, kijana mzuri, kapendeza na glavu zake.

Mkebe huo mimi sina.

Ghanim kaniachia ujumbe kwenye simu. Fomu imeonekana, haikuwa nyuma ya kabati, ilikuwa juu ya meza yake. Jina limejazwa, na kwa mwandiko wangu. Ndege saa mbili za usiku. Nilimpigia Mama Jerusha mara saba. Anapokea, anasema halo, halo, anakata.

Nililia kidogo, kwa sababu ya wale watoto watatu na karo ya Januari. Kisha nikatulia, akili ikaanza kufanya kazi hata bila paa. Hivi nani hasa anayeondoka? Aliyeaga ni yeye. Mabegi anayo yeye, halua anayo yeye, watu wamempa mkono yeye. Mimi sijaaga mtu! Basi asafiri yeye, akamwone dada yangu, akalale kwenye chumba kilichopakwa rangi. Mimi nibaki hapa na kazi yangu. Inahitaji tu makubaliano mazuri.

Nimeyaandika kwenye karatasi safi. Moja, safari yote ni yake. Mbili, chumba cha Matrah na kazi ya Al Khuwair ni vyangu. Amewaaga wote isipokuwa mimi, kwa hiyo lazima apite hapa, na nimemsikia tangu laasiri akipanda ngazi taratibu, mkebe unagongagonga ukutani. Sasa anabisha hodi.

La tatu nimeliandika chini kabisa, kwa herufi ndogo, ambapo mtu mwenye haraka ya ndege hatasoma: kengele kubwa ya Apolinary anaachiwa Cornelius. Kalamu ninayo, nakwenda kumfungulia.